Viatu Vikuukuu vya Wagibeoni

Fungueni pamoja nami Kitabu cha Yoshua, sura ya 9. Hapo twasoma jinsi watu wa Gibeoni walivyomdanganya Yoshua kwa vitu vikuukuu. Walivaa viatu vyenye viraka, wakabeba viriba vilivyoraruka na mkate mkavu wenye ukungu, wakasema wametoka nchi ya mbali. Wazee wa Israeli waliuona mkate ule, wakaamini, wakafanya agano bila kumwuliza Bwana. Baada ya siku tatu wakapata habari kwamba wageni wale ni jirani zao. Siku tatu tu! Lakini agano lilikuwa limekwisha kufungwa.

Wengi wetu twanunua vitu vilivyokwisha kutumiwa, wala si aibu. Suti niliyofungia ndoa ilitoka Gikomba. Lakini wako watu waliofanya biashara hii kuwa mtego, nami nawaambia kama mtu aliyenaswa.

Mwaka juzi tuliamua kuuza cherehani ya mke wangu. Mnunuzi akaja jioni, giza likiingia, na mwenye pikipiki akamngoja mlangoni bila kuzima injini. Hakuomba kupunguziwa hata shilingi moja. (Hapo ningalishtuka, maana sijamwona Mkenya asiyebishana bei ya kitu kikuukuu.) Simu yangu ikalia, nikasoma kwamba nimepokea Sh 14,000 kwa M-Pesa. Nikamsaidia kuifunga cherehani kwenye pikipiki, hata nikamwombea safari njema. Usiku nilipotazama salio, palikuwa na shilingi 310. Ujumbe ule alikuwa ameuandika yeye mwenyewe, ukaja kutoka namba ya kawaida. Ndugu yangu, usiuamini ujumbe. Fungua akaunti yako, tazama salio, ndipo uachilie mali. Ni kazi ya dakika moja, lakini mimi niliona haya kumchelewesha mgeni.

Tapeli hapendi kungojwa. Atakuambia kwamba mtu mwingine yuko njiani, basi umtumie kiasi kidogo ili akuwekee kitu ambacho hujakiona. Usitume. Mwambie utakuja kesho mchana, mahali penye watu, pamoja na mwenzako. Mwenye mali ya halali atakungoja. Mwingine atakasirika, na hasira yake itakuwa imekuokolea fedha.

Nanyi vijana, sikilizeni habari ya simu. Wako wanaoonyeshwa simu nzuri barabarani, ikafungwa haraka katika karatasi, nao wakafika nyumbani na kipande cha sabuni. Tena kuna hatari kubwa kuliko sabuni. Bonyeza *#06# na simu itakuonyesha namba yake ya tarakimu 15. Ilinganishe na ile iliyo kwenye sanduku na kwenye risiti. Kama muuzaji hana hata kimoja, mwache aende zake. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya chamhukumu mwenye kupokea mali ya wizi kifungo kisichozidi miaka 14, akiwa alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Simu ya elfu 30 ukiuziwa kwa elfu 4 kando ya stendi ya matatu, sababu ya kuamini si unayo?

Kwa gari au pikipiki, tafuta kwanza kumbukumbu zake katika NTSA, ukalinganishe jina la mwenyewe na kitambulisho cha yule anayekuuzia.

Labda utasema, huyu ni ndugu wa kanisani, nitamwombaje karatasi? Soma Yeremia 32. Nabii alinunua shamba kwa Hanameli, mwana wa ami yake, watu wa damu moja. Hata hivyo alipima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, akaitia muhuri, na Baruku akaihifadhi katika chombo cha udongo. Hanameli hakutukanwa kwa kuandikiwa hati. Basi andikeni tarehe, bei, namba za vitambulisho na hali ya kitu chenyewe, kisha kila mmoja abaki na nakala.

Hilo la hali ya kitu latuhusu sisi wauzaji. Mafundi wetu wajua kupaka rangi juu ya ufa, na wengine wao huimba kwaya. Baada ya hasara ya cherehani nilitaka kuuza baiskeli yangu, yenye ufa mdogo chini ya kiti. Nakiri kwamba kopo la rangi nilikuwa nimekwisha kulinunua. Mnunuzi alikuwa mzee wa mtaa wetu. Nikamwonyesha ufa, naye akapunguza Sh 1,500 papo hapo, bila huruma. Baiskeli ile huiona kila Jumapili imeegemea ukuta wa kanisa, imechomelewa vizuri, na mzee huniita mchungaji nije nione jinsi inavyokwenda.