Kelele Zikiondoka na Manyanga

"Sina Makosa" ikipigwa ndani ya mashua inayovuka kutoka Shimoni kwenda Wasini, abiria huitikia kiitikio. Hakuna anayeuliza nakala hiyo imetoka wapi. Hata hivyo, wimbo huo wa Les Wanyika, wa mwishoni mwa miaka ya 1970, unazunguka pwani ya kusini ya Kenya kwa sauti nyingi. Ipo iliyonakiliwa kutoka sahani ya 45 iliyochoka, ipo ya kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine, ipo ya CD, na ipo ya simu ambayo imerushwa kwa watu wengi hivi kwamba gitaa la besi limebaki kama ngoma inayopigwa nyumba ya tatu.

Tofauti hizo haziwahusu mabingwa peke yao. Tangu miaka ya 1980, kampuni za Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zimekuwa zikitoa upya kazi za bendi zilizojiita Jazz kutoka Tanga, Morogoro, Dar es Salaam na Nairobi, na jalada likitangaza kwamba sauti imerimastiwa, bei nayo hupanda. Kurimasta ni kuiandaa upya nakala ya mwisho: kasi hurekebishwa, mikwaruzo hupunguzwa, besi na sauti nyembamba husawazishwa, nguvu ya sauti hupangwa. Basi. Kama kipaza sauti hakikuinasa tumba vizuri siku ile studioni, hakuna fundi wa Paris atakayeirudisha. Ndiyo maana toleo lolote jipya lapaswa kuulizwa kwanza limetolewa kwenye nini, kanda ya studio au sahani iliyokwisha pigwa dansini miaka kumi.

Kwa muziki wa upande huu, jibu hutegemea upande gani wa mpaka wa Kenya na Tanzania. Tanzania Bara, studio iliyotegemewa na bendi ilikuwa ya redio ya taifa, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilirekodi ikiwa pamoja, wimbo ukapigwa mwanzo hadi mwisho, na fundi mitambo akaunasa kwenye kanda ya upana wa robo inchi. Kanda ilibaki redioni kwa ajili ya matangazo. Viwanda vya kuchapa sahani vilikuwa Nairobi, na bendi nyingi za Tanzania zilivuka kwenda kurekodi huko huko. Kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuwa na maisha mawili: ule wa redio na ule wa sahani, kila mmoja umepigwa siku yake, pengine na mpiga solo mwingine. Anayelinganisha matoleo mawili na kushangaa mbona gitaa la hili linachangamka zaidi, mara nyingine hasikii kazi ya fundi hata kidogo. Anasikia bendi ile ile jioni nyingine.

Wasini iko katikati ya njia hiyo. Nyuma yake kuna Vanga na Tanga, mbele yake Msambweni, Diani na Mombasa, na redio za pande zote mbili zilifika bila kuomba pasi. Muziki wenyewe ulisafiri vivyo hivyo. Akina Kinyonga, Wilson na George, walipitia Jamhuri Jazz ya Tanga, wakaunda Arusha Jazz, wakaingia Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na baadaye wakatamba Nairobi kama Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao walijitenga, na hapo ndipo Les Wanyika ilipozaliwa.

Mfano mzuri wa kusikiliza chanzo ni kuweka pamoja albamu mbili za Marekani. "The Tanzania Sound", iliyotolewa na Original Music mwaka 1987, ilikusanya nyimbo za miaka ya 1960 kutoka sahani ndogo. "Sikinde" ya Mlimani Park, iliyotolewa na Africassette mwaka 1994, ilitumia rekodi za Radio Tanzania. Katika ya kwanza sindano inasikika: mchakacho wa chinichini, sauti za waimbaji zikikwaruza kila wanapopandisha. Katika ya pili unasikia ukubwa wa chumba, na tarumbeta zina nafasi ya kupumua. Si haki kusema fundi wa pili alimshinda wa kwanza. Bendi ni tofauti, miaka ni tofauti, na mmoja alipewa kanda huku mwenzake akipewa plastiki yenye mikwaruzo.

Hata kanda asilia hudanganya. Albamu ya jazz inayotajwa kuliko zote, "Kind of Blue" ya Miles Davis, ilirekodiwa New York kwa vikao viwili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Katika kikao cha kwanza mashine iliyokuwa ikirekodi ilikuwa inakwenda polepole kidogo. Kanda hiyo ilipopigwa kwenye mashine yenye kasi sahihi, upande wa kwanza wote wa sahani ukatoka juu ya sauti yake halisi. Wanamuziki waliojaribu kupiga pamoja na sahani hiyo nyumbani walijikuta hawaingiani nayo, na miaka zaidi ya 30 ikapita hivyo. Ilikuwapo mashine ya pili iliyorekodi kikao kile kile kwa akiba, nayo ilikwenda sawa. Toleo la mwaka 1992 ndilo lililorekebisha kasi, na lile la 1997 likaendelea na njia hiyo.

Huku kwetu kasi ndiyo kosa la kwanza la kutafuta. Kaseti iliyorekodiwa kwa redio yenye betri zilizolegea hutoka mbio ikipigwa kwenye mashine nzima, na waimbaji wanageuka watoto. Kupima kwa gitaa peke yake hakutoshi, kwa sababu bendi nyingi zilifunga nyuzi kwa kusikilizana, si kwa kipimo cha maabara. Mafundi wana ujanja mwingine: umeme wa Kenya na Tanzania huenda kwa mzunguko wa hezi 50, na mvumo wake hafifu huingia kwenye rekodi bila kukaribishwa. Ukifungua wimbo kwenye programu ya kuchora sauti, ukauona mvumo huo umekaa kwenye hezi 52, nakala yako inakimbia kwa takriban asilimia 4, zaidi ya nusu ya nusutoni. Lakini uhakikishe kwanza mvumo huo haukutoka kwenye mashine iliyonakili.

Baada ya kasi huja usafi, na hapa ndipo matoleo mengi huharibikia. Programu ya kuondoa kelele husikiliza sekunde moja ya ukimya kabla wimbo haujaanza, ikajifunza sura ya mchakacho, kisha ikautoa mchakacho huo kila mahali. Tatizo ni kwamba manyanga yanakaa eneo lile lile la sauti. Hata mguso wa kipande cha plastiki kwenye waya wa solo uko huko. Programu haijui lipi ni vumbi na lipi ni mkono wa mpigaji. Ukiiongezea programu nguvu mno, mchakacho unakwisha, mnunuzi wa dakika ya kwanza anafurahi, na manyanga yanageuka kitu cha majimaji kinachokuja na kupotea. Katika rumba ya Afrika Mashariki manyanga hubeba mwendo. Yakitetereka, wachezaji wanatetereka. Afadhali sahani inayochakacha na manyanga yake kuliko ukimya uliolipiwa kwa miguu ya watu.

Sahani ya 45 ina kero nyingine. Upande mmoja hauna nafasi ya kutosha kwa wimbo mrefu wa dansi, kwa hiyo nyimbo zilikatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Upande A una mashairi, unafifia. Unageuza, upande B unaanza kwa kufifia kinyume, kisha chemko, ile sehemu ya magitaa na kucheza. Sasa, sahani huzunguka kwa kasi moja mwanzo hadi mwisho, lakini kadiri sindano inavyosogea katikati, duara hupungua, na sauti nyembamba zinabanwa kwenye mfuo mfupi zaidi. Mwisho wa kila upande kwa hiyo huwa mzito wa sauti kuliko mwanzo wake. Toleo jipya likiunganisha pande mbili bila uangalifu, utasikia mahali pa kiungo kama kwamba mtu amefungua dirisha: mwisho wa A ulioziba, mara mwanzo wa B unaong'aa. Fundi mwangalifu huzikaribisha pande hizo polepole kabla ya kuzishona, na hushona kwenye pigo la ngoma, si katikati ya neno. Sikiliza kiungo hicho kabla ya kingine chochote. Sekunde zake chache zinaeleza subira ya fundi zaidi kuliko maandishi yote ya jalada. Kuna waliokwepa kazi hiyo kwa kuacha sehemu ya pili kabisa, na huo ni wizi wa chemko.

Kisha nguvu ya sauti. Sikio la binadamu likisikilizishwa nakala mbili zinazofanana, moja imepandishwa kidogo, huchagua iliyopandishwa na kuapa kwamba ni safi zaidi. Wauzaji wanalijua hilo. Hivyo shusha kwanza ile yenye kelele mpaka sauti ya mwimbaji ilingane katika zote mbili, ndipo uanze kuhukumu. Mara nyingi ile iliyopandishwa, ikishushwa, huonekana imesagwa: tumba hairuki tena, kila kitu kimekaa mstari mmoja. Hata Rudy Van Gelder, aliyerekodi nusu ya historia ya jazz ya kampuni ya Blue Note katika studio zake za New Jersey, alipopewa kuanzia 1999 kurimasta kanda zake mwenyewe kwa CD, wapo waliolalamika kuwa amezipandisha mno. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilianzisha mfululizo wa matoleo mapya wa Tone Poet, na fundi Kevin Gray akakata sahani moja kwa moja kutoka kanda asilia kwa mkono mwepesi zaidi. Kanda zile zile, ladha mbili.

Msikilizaji wa Kiswahili ana silaha moja ambayo Mmarekani hana. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi New York albamu "Uhuru Afrika", na ndani yake Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anasoma kwa Kiswahili shairi la Langston Hughes. Sikio letu linajua s, sh na f zinavyopaswa kukaa mdomoni mwa msemaji wa lugha hii. Sahani ikichakaa, herufi hizo huwa za kwanza kuumia: s inakuwa mate, f inapotea. Ukipata matoleo mawili ya albamu hiyo, anza na msomaji, acha piano. Njia hiyo hiyo inafaa kwa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe au Salum Abdallah; mahali ambapo mwimbaji ametulia na magitaa yamepungua ndipo pa kupimia. Ila usitumie spika ya bluetooth ya mfukoni. Hiyo hufanya matoleo yote yafanane. Visikizi vya bei ndogo vinatosha.

Sahani nyingi za kulinganisha nazo bado ziko majumbani, Msambweni hadi Vanga, na unyevu wa bahari unaziharibu. Kuvu huota kwenye mifuo, majalada yanashikamana, na baadhi ya kanda za miaka ya 1970 hulainika gundi yake kwa unyevu hadi kunata kwenye mashine. Hizo zisipigwe kabla ya fundi kuzikausha kwa joto dogo la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa. Sahani ni rahisi zaidi. Zioshwe kwa maji na tone la sabuni laini, kwa kitambaa kinachofuata mzunguko wa mfuo, lebo isilowe, kisha zikaushwe kivulini, kwani jua la Wasini hupinda sahani kabla chai haijapoa. Maji ya kisima cha matumbawe yana chumvi inayobaki ndani ya mfuo na kuchakacha. Ya mvua yaliyokusanywa birikani ni bora, mradi yachujwe kwa kitambaa safi. Ikishakauka, inakiliwe kwa biti 24 bila kuondolewa kelele yoyote, na faili hilo ghafi liwekwe mahali pawili. Usafishaji ufanywe kwenye nakala yake, kwa sababu programu ya mwaka kesho huenda ikaweza kutofautisha mchakacho na manyanga.