Majengo Yenye Hadithi, na Nafasi ya Songea

Msafiri alalaye Bombambili, katika Manispaa ya Songea, kisha akalala Mbeya usiku wa pili na Dodoma usiku wa tatu, aghalabu hukuta chumba kile kile kikimngojea: vigae vile vile vyeupe, dari ile ile ya jipsamu yenye taa za rangi, na pazia zito linaloficha mandhari ya nje. Silisemi hili kwa kuwadharau waliojenga, maana wengi wao wamejenga kwa jasho na mikopo, bali kwa sababu ipo fani nzima ya ubunifu majengo ambayo madhumuni yake ni kumfanya mgeni atambue, tangu anapovuka kizingiti, kuwa yupo mahali hapa wala si kwingine.

Kampuni zinazoshughulika na fani hiyo, yaani ubunifu wa hoteli, kumbi na viwanja vya burudani vyenye maudhui maalumu, hazianzi kazi kwa rula na karatasi, bali kwa hadithi. Kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa, wabunifu hukubaliana ni kisa gani kitakachosimuliwa na jengo: wenyeji wake ni nani, wanajenga kwa nini, mgeni ataona nini kwanza akiingia langoni, na nini afichwe asikione. Ndipo zinapofuata ramani, kielelezo kidogo cha jengo zima, na uchaguzi wa mbao, mawe na rangi. Na pale ambapo jiwe la asili halipatikani, mafundi husuka nondo na wavu wa chuma, wakapaka saruji juu yake, wakaichonga kwa mkono kabla haijakauka na kuitia rangi hata jicho likaamini ni mwamba. Katika bustani ya Disney iliyofunguliwa Florida mwaka 1971, zilijengwa njia za wafanyakazi chini ya sakafu wanayoitembea wageni, ili mtumishi aliyevaa mavazi ya sehemu moja asionekane akikatiza sehemu nyingine na kuivuruga hadithi.

Mfano adhimu barani mwetu upo Sun City, Afrika Kusini, ambako mwaka 1992 lilifunguliwa kasri la hoteli lililobuniwa na kampuni ya WATG, iliyoanzishwa Honolulu mwaka 1945. Wabunifu walitunga hekaya ya taifa la kale lililopotea, wakajenga kasri kana kwamba limefukuliwa baada ya tetemeko la ardhi, na daraja linalotikisika kwa mitambo. Ustadi wake haukaniki. Lakini taifa lile halikuwapo, na Afrika ina mataifa ya kweli yaliyojenga, yakatawala na kuacha magofu, ambayo hayakuhitaji kutungiwa hekaya.

Jambo linalotugusa zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili ni mji wa Harambe, uliobuniwa na Disney katika bustani yake ya wanyama iliyofunguliwa Florida mwaka 1998. Mji huo wa kuigiza ulichukua sura ya Lamu, na kuta zake zina maandishi ya Kiswahili; na kwa kuwa mapaa ya nyasi hayaezekwi vizuri na mtu asiyeyazoea, waliitwa mafundi wa Kizulu kutoka Afrika Kusini wakaezeke kwa mikono yao. Wangoni wa Songea, ambao mababu zao waliondoka katika nchi ile ile ya Wanguni na kuvuka mto Zambezi mwaka 1835, wana haki ya kutafakari habari hii: ujuzi wa kuezeka nyasi ulisafirishwa kuvuka bahari na kulipwa ujira, ilhali hapa kwetu, nyumba ya nyasi huhesabiwa kuwa alama ya ufukara.

Afrika Mashariki haikukosa majaribio yake. Hoteli ya Serena iliyopo Shanzu, Mombasa, ilijengwa kwa sura ya mji wa Kiswahili, yenye vichochoro na milango ya nakshi. Ile ya Maasai Mara ikafuata umbo la makazi ya Wamaasai. Lakini mimi naipa daraja la juu hoteli ya Lobo, huko Serengeti, iliyopandishwa kati ya majabali makubwa bila kuyavunja, hata mgeni akipanda ngazi huugusa mwamba wenyewe. Hapo hapana saruji iliyojifanya jiwe, na hadithi inayosimuliwa ni ya mahali penyewe.

Songea je, ina nini cha kusimulia? Inayo matofali ya kuchoma, ambayo Wabenediktini wa Peramiho, waliofika mwaka 1898, walijengea kanisa kubwa ambalo bado limesimama. Lakini wajenzi wa leo huyafunika kwa lipu na rangi kana kwamba yana aibu. Inayo mbao za mninga. Jirani yake, Umatengo, zipo ngoro, vile vishimo vilivyopangwa mlimani kwa hesabu ili mvua isichukue udongo, ambavyo mbunifu hodari angeweza kuviiga katika kupanga bustani na njia za maji ya hoteli iliyo kwenye mteremko. Zipo pia ngoma za lizombe, mganda na kioda, na ukumbi uliobuniwa kwa ajili yake ungewaweka wachezaji katikati ya watazamaji, badala ya jukwaa la upande mmoja linalowafanya waliokaa nyuma waone visogo tu.

Hata hivyo, si kila kisa kinafaa kupambia ukumbi wa starehe. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea mashujaa wa Vita vya Majimaji, na kaburi lao la halaiki limehifadhiwa katika Makumbusho ya Majimaji, mahali pa taadhima. Mfanyabiashara atakayechora vitanzi ukutani ili kuvutia wateja wa bia atakuwa amewakosea marehemu na walio hai pia.

Kwa hiyo nawasihi wenye viwanja Bombambili na kwingineko mkoani Ruvuma: kabla ya kununua ramani iliyokwisha kuchorwa kwa ajili ya mji mwingine, mtafuteni mbunifu majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, mketi naye pamoja na wazee, mafundi matofali na maseremala wa hapa, na mwulizeni kwanza atasimulia nini, ndipo mmwulize gharama.