Vidonge vya Kufukiza Nafaka: Vinavyouzwa na Vinavyofanya Kazi

Mavuno ya mahindi yanapokwisha kuingia ndani, maduka ya pembejeo hupata wateja wa aina mbili. Wa kwanza hutaka dawa ya unga ya kuchanganya na nafaka. Wa pili hutaka kile kinachoitwa mitaani "kidonge cha gesi", na mara nyingi hutaka kimoja au viwili tu, vya kutia ndani ya kiroba. Bidhaa hizo mbili hukaa rafu moja, na muuzaji asiye makini huzinadi kana kwamba ni mtu na ndugu yake. Hazina udugu wowote zaidi ya kuua wadudu. Unga hubaki katika nafaka na kuilinda kwa miezi kadhaa. Kidonge hutoa gesi kwa siku chache, gesi ikaondoka, na nafaka ikabaki bila kinga yoyote. Unga umetengenezwa kwa ajili ya mkulima mwenye magunia yake machache. Kidonge kimetengenezwa kwa ajili ya ghala, na kwa mtu aliyefunzwa kukitumia. Kutofahamu tofauti hiyo kumewagharimu watu chakula, na wengine uhai.

Hitaji la dawa za ghala lina historia yake. Wazee wanakumbuka wakati ambapo mahindi yalihifadhiwa yakiwa na maganda, juu ya dari la jiko au katika kihenge, moshi na majivu vikitosha kumzuia fukusi. Hali ilibadilika alipoingia dumuzi, mdudu mwenye asili ya Mexiko na Amerika ya Kati, ambaye kwa Afrika alitambuliwa kwanza katika mkoa wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyu hakujali moshi. Hutoboa punje na kuigeuza vumbi, hula muhogo mkavu kwa kasi kubwa zaidi, na hata mbao za kihenge hazimshindi. Katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa kwenye magunzi bila dawa, upotevu wa uzito uliozidi asilimia 30 ulipimwa katika muda wa miezi michache. Wakulima wa siku zile walimpa jina la Scania.

Jibu la serikali na watafiti lilikuwa ni kuwashauri wakulima wapukuchue mahindi, wayakaushe, na kuyachanganya na unga wenye viambato viwili: pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi na permethrini kwa ajili ya dumuzi. Kutoka hapo soko la dawa za hifadhi likakua. Unga huo bado unauzwa, ingawa viambato vimekuwa vikibadilishwa, na kipimo kinachojulikana zaidi ni gramu 100 kwa gunia la kilo 90. Hata hivyo lebo ya pakiti iliyo mkononi ndiyo ya kufuatwa, maana kipimo cha dawa moja si lazima kiwe cha nyingine.

Kidonge kilikuja kwa njia nyingine. Kiambato chake ni fosfidi ya alumini, na Phostoxin ni mojawapo ya majina ya kibiashara yaliyozoeleka. Kinapokutana na unyevu wa hewa, hutoa gesi iitwayo fosfini, ambayo hupenya hadi katikati ya punje na kumwua mdudu, lava na mayai yake. Kidonge cha kawaida kina uzito wa gramu 3 na hutoa gramu 1 ya gesi. Kinachobaki ni majivu ya kijivu. Kwa maghala makubwa, kama yale ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na ya wasagishaji, hii ni njia nzuri na ya gharama nafuu: shehena hufunikwa kwa turubai lisilopitisha gesi, kingo zake hukandamizwa sakafuni kwa mifuko mirefu ya mchanga, mlango hufungwa na kubandikwa tangazo la hatari, na hakuna anayeingia hadi siku zilizotakiwa zitimie na hewa ipimwe.

Siku hizo ndizo kiini cha jambo lote. Mdudu mzima hufa mapema, lakini mayai na mabuu huvumilia gesi kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo ufukizaji hutakiwa kudumu siku 5 hadi 7 au zaidi, na kwenye baridi ya nyanda za juu huhitaji muda mrefu kuliko pwani. Gesi ikivuja kabla ya hapo, wadudu wanaoonekana hufa na mwenye mali huridhika. Baada ya wiki chache kizazi kilichokuwa ndani ya punje hutoka, naye hudhani ameuziwa dawa bandia. Pengine ni kweli ameuziwa bandia. Lakini mara nyingi dawa ilikuwa halisi na kiroba ndicho kilichokuwa na matundu.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha upotevu huo. Kipimo kinachotajwa kwa kawaida kwenye lebo ni vidonge 2 hadi 5 kwa tani moja, yaani kwa magunia 10 ya kilo 100. Mtu anayetia kidonge kimoja katika kila gunia anatumia vidonge 10 kwa tani, mara mbili au zaidi ya kipimo, na bado hapati kinga, kwa sababu kiroba kilichofumwa hakizuii gesi. Gesi yote hiyo haipotei hewani bila kudhuru. Inaingia chumbani.

Hapa ndipo penye hofu kubwa. Katika kaya nyingi magunia hupangwa chumba cha kulala kwa kuogopa wezi, na katika vituo vya biashara vyumba vya kupanga viko nyuma ya duka la nafaka, vikitenganishwa na ukuta wenye nyufa au dari lililoungana. Fosfini hupita katika nyufa hizo. Harufu yake hufanana na ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini pua huizoea upesi, na gesi inaweza kudhuru ikiwa katika kiwango ambacho mtu hakisikii. Anayeivuta huumwa kichwa, hupata kichefuchefu na kutapika, kizunguzungu, kikohozi na kubanwa kifua. Watu wa nyumba moja wakiamka na dalili hizo, ni rahisi kudhaniwa kwamba wamekula chakula kibaya au wana malaria, na saa za thamani zikapotea. Watoto huzidiwa haraka kuliko watu wazima.

Fosfini haina dawa ya kuitangua. Kinachoweza kufanyika ni kumtoa mgonjwa kwenye hewa safi mara moja, kufungua milango na madirisha, na kumfikisha kituo cha afya, ambako atasaidiwa kupumua na moyo wake kuangaliwa. Ni lazima mhudumu aelezwe waziwazi kwamba kulikuwa na vidonge vya kufukiza ndani ya nyumba, na ikiwezekana aonyeshwe lebo. Aliyemeza kidonge asitapishwe wala asipewe chochote cha kumeza nyumbani. Apelekwe hospitali papo hapo. Anayemhudumia naye ajihadhari, kwa kuwa matapishi yake hutoa gesi ileile.

Kwa nini basi kidonge kinapatikana kwa urahisi namna hii? Sababu ni bei ya rejareja. Kopo au mrija uliofungwa una vidonge vingi, na bei yake ni ya mwenye ghala. Muuzaji akiufungua na kuuza kimoja kimoja, kila kidonge huonekana rahisi kuliko pakiti ya unga, na faida yake huwa kubwa. Wateja nao huongezeka baada ya mavuno, wakati bei ya mahindi iko chini na kila anayeweza anataka kuyatunza hadi soko lipande. Wako pia wachuuzi wanaofukiza siku chache kabla ya kuuza, ili mnunuzi asikute mdudu anayetembea. Kidonge kilichofungwa katika karatasi, hata hivyo, kimeshaanza kutoa gesi tangu mrija ulipofunguliwa. Mnunuzi hubeba mfukoni sumu inayofanya kazi, na anapofika nyumbani sehemu ya nguvu aliyolipia imekwisha. Kidonge cha namna hiyo hakina lebo, hakina tarehe ya mwisho wa matumizi, na hakuna wa kuulizwa.

Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye makao yake Arusha. Kiuatilifu hutakiwa kusajiliwa kabla ya kuuzwa, na mwenye duka hutakiwa kuwa na kibali. Mkazi ana haki ya kuomba kuonyeshwa kibali hicho, na kukataa bidhaa iliyofunguliwa au yenye lebo isiyosomeka. Ombi hilo halimvunjii muuzaji heshima. Muuzaji mwenye karatasi zake huzitundika ukutani.

Katika soko la dunia fosfini imepata uzito mkubwa zaidi kuliko zamani, kwa sababu mshindani wake mkuu ameondolewa. Methili bromidi iliua wadudu kwa haraka zaidi, lakini huharibu tabaka la ozoni, hivyo chini ya Itifaki ya Montreal matumizi yake ya kawaida yalikomeshwa katika nchi zilizoendelea mwaka 2005 na katika nchi zinazoendelea mwaka 2015. Yamebaki matumizi ya karantini na ya kabla ya kusafirisha mazao nje, na huo si mlango wa mkulima wa kawaida. Dunia imebaki kuegemea gesi moja, na gesi hiyo inazoeleka kwa wadudu. Uchunguzi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa uliofanywa mwaka 1972 na 1973 ulikwisha kukuta wadudu sugu katika nchi kadhaa, na usugu umeenea tangu wakati huo. Chanzo chake ni ufukizaji wa nusunusu: gunia linalovuja huwaacha hai wadudu wastahimilivu, nao ndio huzaa. Kwa hiyo kidonge kinachotiwa katika kiroba chumbani kinaharibu pia dawa ya ghala la kijiji.

Mkulima mwenye magunia machache ana njia bora. Mfuko usiopitisha hewa, wenye tabaka mbili za plastiki ndani na kiroba nje, kama mifuko ya PICS, hauhitaji dawa yoyote. Wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki, kisha huishiwa. Mfuko huo ni ghali kuliko kiroba, lakini usipotoboka hutumika zaidi ya msimu mmoja, na mahindi yake yanaweza kuliwa au kuuzwa siku yoyote. Nafaka sharti iwe kavu, unyevu usiozidi asilimia 13 hivi, la sivyo itaota ukungu humo ndani. Asiye na kipimo aweke chumvi kavu na mahindi kidogo katika chupa kavu, atikise, na kuacha kwa robo saa: chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Kisipopatikana kipimo cha uhakika, yakaushwe zaidi hata chumvi isiponata, maana jaribio hili hugundua ubichi mkubwa tu. Kila tabaka hufungwa peke yake, hewa ikiwa imekamuliwa, na mfuko huwekwa mbali na panya na ncha za misumari.

Kidonge kina nafasi yake pale kaya nyingi zinapohifadhi pamoja. Chama cha ushirika cha msingi au kikundi chenye ghala linalofungika kinaweza kumwita mfukizaji aliyesajiliwa, gharama ikagawanywa kwa magunia. Ghala likiungana na nyumba ya kuishi, kazi hiyo isifanywe humo. Baada ya ufukizaji, ghala hufunguliwa na kupigwa na hewa hadi kipimo kionyeshe usalama, na majivu ya vidonge hukusanywa na mfukizaji mwenyewe. Wasifagie watoto, na yasirundikwe wala kumwagiwa maji kidogo yakiwa katika chombo kilichofunikwa, kwani punje ambazo hazijaisha nguvu huweza kuwaka moto.

Ushauri wa ukaushaji, uchaguzi wa mifuko na utambuzi wa dumuzi hutolewa na afisa ugani wa kata. Mwenye vidonge vilivyobaki nyumbani asivitupe chooni wala kuvichoma. Aviache katika chombo chake, nje ya nyumba, mahali pakavu panapofungwa na pasipofikiwa na watoto wala mifugo, kisha amwarifu afisa huyo ili apate maelekezo ya namna ya kuviondoa.