Kazi ya Mikono ni Ibada: Habari za Fundi Mackay

Wako Wakristo wengi wadhanio kwamba siku ya Mungu ni Jumapili peke yake, na kwamba siku sita zilizobaki ni za jembe, kalamu na mshahara. Mtu wa namna hiyo huimba kanisani kwa sauti kuu, lakini Jumatatu huishika kazi yake kama mzigo usiomhusu Mungu hata kidogo. Tena wako wasemao kwamba mtu aliyesoma hastahili kuchafua mikono yake. Habari za Alexander Mackay zinafaa kufikiriwa na watu wa fikira hizo.

Mackay alizaliwa mwaka 1849 huko Rhynie, Uskoti, naye baba yake alikuwa mchungaji. Yeye mwenyewe alijifunza uhandisi katika Edinburgh, kisha akafanya kazi ya mitambo huko Berlin. Mwaka 1876 shirika la misioni la C.M.S. lilimtuma Afrika. Kazi yake kubwa ya kwanza haikuwa kuhubiri. Mwaka 1877 aliwaongoza watu kukata njia ya maili 230 hivi, kutoka Saadani pwani mpaka Mpwapwa.

Alifika Buganda mwezi wa Novemba 1878, wakati wa Kabaka Mutesa. Huko alijenga karakana, akaweka mivuo, fuawe na jiwe la kunolea lizungukalo. Watu walistaajabu kumwona mwalimu wa dini akitoka jasho mbele ya moto wa mhunzi, wakamwita mzungu wa kazi. Waliokuja kutazama chuma kikifuliwa walipata na nafasi ya kujifunza kusoma. Hata herufi za kupigia chapa karatasi za masomo alizichonga kwa mikono yake.

Mwaka 1882 mama yake Kabaka alifariki dunia, na Mackay akaombwa kutengeneza jeneza. Akatengeneza matatu, moja ndani ya jingine: la ndani la mbao, la katikati la shaba, na la nje la mbao tena, kubwa mno. Kazi hiyo ilimshika kwa muda wa wiki kadhaa, ingawa alikuwa na kazi nyingine nyingi za misioni. Mtu mwingine angaliweza kunung'unika kwamba vitu hivyo vitafukiwa udongoni, wala hapana atakayeona tena kama vimeungwa vizuri au vibaya.

Lakini kazi nyingi za wanadamu hufichwa vivyo hivyo. Msingi wa nyumba hufunikwa. Mbegu hufukiwa. Hesabu za karani hufungiwa kabatini, na mkulima aliyeanika kahawa yake vema hamjui yule atakayeinywa. Ni mahali hapo hasa, pasipo jicho la msimamizi, ndipo imani ya mtu hujulikana. Anayeifanya kazi vema hapo anakiri kwa mikono yake kwamba Mungu aona sirini.

Maandiko yenyewe hayaoni haya kutaja kazi ya mikono. Katika Marko, sura ya 6, watu wa kwao Yesu walimjua kuwa ni seremala. Katika Matendo, sura ya 18, Paulo alishona mahema huko Korintho pamoja na Akila na Prisila, na siku za sabato akafundisha katika sinagogi.

Wala mafundisho hayo si kamba ya kumfungia mfanyakazi peke yake. Paulo alipowaagiza Wakolosai wafanye kazi kama kwa ajili ya Bwana, aliwaambia na mabwana watende haki. Naye Yakobo aliwakemea vikali matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Mwenye shamba akimpunja kibarua wake, hapana wimbo wa Jumapili utakaofunika dhambi hiyo.

Mackay alikufa kwa homa mwezi wa Februari 1890 huko Usambiro, kusini ya ziwa kubwa, akiwa na umri wa miaka 40. Hakuwa kasisi, alikuwa fundi mpaka mwisho. Basi na karani apimaye magunia ya watu kwa mizani ya haki, na mkulima achimbaye matuta ili udongo usichukuliwe na mvua ukawapungukia wajukuu wake, wasidhani kwamba wanangoja Jumapili ndipo wamtumikie Mungu. Wamekwisha kuanza.