Speke Aliajiriwa na Nani?

Mtafiti anayemfuatilia mvumbuzi Kapteni John Hanning Speke huanza, kwa kawaida, katika hifadhi ya nyaraka ya Kew, London, penye kumbukumbu nyingi za maofisa wa jeshi la Uingereza. Huko si mahali pa kuanzia. Speke alikuwa Mwingereza na ofisa, lakini hakuingia utumishini kama askari wa Malkia. Aliajiriwa na kampuni ya biashara.

Kampuni hiyo, East India Company, ilikuwa na majeshi yake nchini India hadi serikali ilipoyachukua mwaka 1858. Tofauti hiyo imeacha alama kwenye karatasi. Katika kikosi cha kawaida cha askari wa miguu wa Malkia, familia ilinunua cheo cha chini cha ofisa kwa pauni 450, desturi iliyofutwa mwaka 1871. Kwenye Kampuni cheo hakikuuzwa. Kijana alihitaji mkurugenzi wa kumpendekeza, na maombi yake yaliambatana na cheti cha ubatizo. Kwa mtafuta asili, cheti hicho ni hazina: kinataja wazazi na parokia. Majalada ya maombi hayo sasa yako Maktaba ya Uingereza.

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 huko Orleigh Court, Devon, katika ukoo wa wenye mashamba. Mwaka 1844 alijiunga na Kikosi cha 46 cha askari wa miguu wa Bengal, kisha akapigana Punjab katika vita dhidi ya Masingasinga.

Maisha hayo ya India yanaeleza jambo kubwa la historia yetu. Speke hakuzungumza Kiswahili, alizungumza Kihindustani. Mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, naye alikijua, kwani alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akaishi India miaka mingi kabla ya kurudi Zanzibar akiwa huru. Ndivyo walivyoelewana njiani kutoka Kazeh, Tabora ya leo, hadi Speke alipoliona ziwa Nyanza (Viktoria) tarehe 3 Agosti 1858. Maelezo mengi ya wenyeji yalimfikia kupitia kinywa cha Bombay, na anayesoma vitabu vya Speke bila kulijua hilo anampunja Bombay haki yake.

Wenzake wa safari za Afrika nao walikuwa maofisa wa Kampuni: Richard Burton alitoka jeshi la mkoa wa Bombay, James Grant la Bengal. Anayetaka asili ya wote watatu aanzie kwenye kumbukumbu za India, Maktaba ya Uingereza, kabla ya kupanda treni ya Kew.