Amplifaya ya Blues: Wati Chache, Sauti Inayojibu

Mpiga gitaa akiingia dukani kununua amplifaya, swali la kwanza kumtoka mdomoni ni hili: ina wati ngapi? Muuzaji anajibu kwa fahari kwamba ina 100, na bei inapangwa hapohapo. Kwa anayetaka kupiga blues, swali hilo linampoteza njia. Wati zinahusu ukubwa wa ukumbi tu. Kitu ambacho wapigaji wa blues wamekisaka kwa zaidi ya miaka 70 ni kingine: amplifaya inayotoa sauti laini uzi ukiguswa kwa upole, na kulia kwa ukali uzi huohuo ukichapwa kwa nguvu. Tabia hiyo ina maelezo yake ya kifizikia, na anayeyafahamu ataokoa pesa nyingi.

Sauti yenyewe ilizaliwa kwa shida za mjini. Mwaka 1941 mtafiti Alan Lomax alimrekodi mpiga blues Muddy Waters katika shamba la Stovall, Mississippi, akipiga gitaa la kawaida lisilotumia umeme. Gitaa lile lilitosha kabisa kwa kijiji. Mwaka 1943 Muddy Waters alihamia Chicago, kama walivyofanya maelfu ya Wamarekani Weusi waliokimbia umaskini na ubaguzi wa Kusini, na huko akakuta baa zilizojaa watu, mazungumzo na glasi zinazogongana. Gitaa la mbao halikusikika tena, naye akashika la umeme. Siku za Jumapili wenzake wengi walipiga muziki katika soko la Maxwell Street, wakivuta nyaya za umeme kutoka nyumba na maduka ya jirani hadi barabarani. Amplifaya zao zilikuwa ndogo. Ili zishinde kelele za soko, volyumu ilifunguliwa hadi mwisho, na zikifunguliwa hivyo zilianza kukwaruza.

Kwa mafundi waliozitengeneza, mkwaruzo ule ulikuwa kasoro. Wanamuziki waliusikia kama koo la mwimbaji anayekaza sauti. Mwaka 1951, mjini Memphis, mwimbaji wa blues Howlin' Wolf alirekodi katika studio ya Sam Phillips, na gitaa la Willie Johnson kwenye rekodi zile linanguruma waziwazi. Tangu hapo kasoro ikageuka lugha ya muziki.

Sasa tuingie ndani ya sanduku lenyewe. Moyo wa amplifaya za enzi hizo ni vali, kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani yake kuna kathodi, kipande cha chuma kinachopashwa joto mpaka kitoe elektroni. Upande wa pili kuna anodi yenye volti nyingi inayozivuta elektroni hizo. Kati ya viwili hivyo umewekwa wavu mwembamba wa waya, nao ndio werevu wa Mmarekani Lee de Forest, aliyeubuni mwaka 1906. Umeme hafifu unaotoka kwenye gitaa hufika kwenye wavu, na kila unapopanda au kushuka hufungulia au kubana mkondo mkubwa wa elektroni unaopita. Kilichoingia kidogo kinatoka kikubwa, kikiwa na umbo lilelile.

Umbo hubaki lilelile mpaka kikomo kifikiwe. Wimbi likizidi uwezo wa vali, vilele vyake havina pa kwenda, hivyo vinabanwa na kulazwa. Hapo ndipo penye siri yote. Wimbi lililobanwa vilele huzaa sauti ambazo hazikuwemo, au zilikuwemo kwa unyonge. Chukua uzi wa tano wa gitaa, noti ya A, unaotetemeka mara 110 kwa sekunde, yaani hezi 110. Ukikwaruza, zinaongezeka nguvu sauti za hezi 220, 330, 440, 550 na kuendelea, ambazo wanafizikia huziita hamoniki. Vali ikibana upande mmoja wa wimbi kuliko mwingine, zinakua hamoniki za namba shufwa, na ya kwanza kati yake ni oktavu juu ya noti yako, kwa hiyo noti inanenepa bila kubadilika. Pande zote mbili zikibanwa sawasawa, zinakua za namba witiri: ya 3, ya 5, ya 7. Hizi zina makali zaidi, na kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyoachana na noti ya msingi.

Lakini namna ya kubana ni muhimu kuliko kiasi cha kubana. Vali hubana kidogokidogo. Inapokaribia kikomo huanza kuregea mapema, wimbi linapinda taratibu, na hamoniki za juu kabisa zinabaki chache. Saketi ya kawaida ya transista hutenda vingine: hutunza umbo la wimbi kwa usafi mpaka ukingoni, kisha hukata vilele ghafla. Pembe kali za wimbi lililokatwa hivyo ndizo zinazoleta ule mlio wa nyuki ambao wapiga gitaa wengi hawaupendi. Kwa upande wa vali, kwa kuwa mpito ni mrefu, kidole kinapata nafasi ya kuamua. Ukigusa polepole upo upande msafi, ukichapa unavuka, na katikati pana eneo pana la kuchezea. Blues inaishi katika eneo hilo.

Ndiyo maana mkwaruzo mwingi si blues bora, na nina msimamo mkali juu ya hili. Vijana wengi hununua amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya metal, kisha hushangaa kwa nini kodi zao, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinasikika kama tope. Hesabu inaeleza. Noti mbili zikipita pamoja katika amplifaya inayokwaruza, huzaliwa nyingine zenye hezi sawa na tofauti yao na jumla yao. A ya 110 na E ya 165 zinatoa tofauti ya 55, ambayo ni A ya chini zaidi, na sauti inapendeza. Sasa piga kodi ya A7, kodi ya kila siku ya blues: takribani 110, 139, 165 na 196. Kati ya 110 na 165 unapata 55. Kati ya 139 na 196 unapata 57. Hizo mbili zimekaribiana mno, zinatikisana na kuleta mtetemo mchafu chini ya kodi, na bado kuna jozi nyingine nne zinazofanya fujo zao. Mpiga rock hukwepa tatizo kwa kupiga noti mbili tu. Mpiga blues anahitaji noti ya saba, ile ya hezi 196, isikike, kwa hiyo anahitaji mkwaruzo wa wastani.

Kuna jambo jingine ambalo husikika zaidi mikononi kuliko masikioni. Amplifaya nyingi za zamani hubadilisha umeme wa ukutani kuwa umeme wa mkondo mmoja kwa kutumia vali pia. Ukichapa noti kwa nguvu, saketi inadai umeme mwingi kwa ghafla, vali hiyo haiwahi kuuleta wote, na volti zinashuka kidogo kwa muda mfupi. Mwanzo wa noti unabanwa, kisha noti inachanua volti zinaporudi. Mpigaji huhisi kama uzi umelainika. Si lazima uwe na kitu hiki, lakini ukikikuta utakitambua ndani ya dakika moja.

Historia imetuachia vipimo vizuri vya kulinganishia. Fender ya California ilitengeneza Bassman kwa ajili ya gitaa la besi, na toleo la mwishoni mwa miaka ya 1950, lenye spika 4 za inchi 10 na wati zipatazo 40, likaja kupendwa na wapigaji wa gitaa la kawaida na hata wapuliza harmonika. Jim Marshall, aliyekuwa na duka la muziki magharibi mwa London, alitumia saketi hiyohiyo kama kielelezo cha amplifaya yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpiga gitaa Eric Clapton akaichomekea Marshall gitaa la Gibson Les Paul na kurekodi na bendi ya John Mayall mwaka 1966, akaifungua kwa sauti kubwa isiyozoeleka studioni wakati huo. Miaka 4 baadaye, huko Miami, Clapton huyohuyo na Duane Allman walirekodi albamu ya Layla kwa amplifaya ndogo za Fender. Msikilizaji hawezi kukisia udogo wake.

Haiwezekani kukisia kwa sababu wati na ukubwa wa sauti haviendi sambamba. Wati zikizidishwa mara 10, sauti hupanda desibeli 10, na sikio huhisi imekuwa kubwa takribani mara 2 tu. Kwa hiyo amplifaya ya wati 50 inasikika maradufu ya ile ya wati 5. Kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3, tofauti ambayo unaweza kuipata bila kuongeza wati, kwa kubadilisha spika tu, maana spika ya gitaa yenye kiwango cha desibeli 100 kwa wati moja inaishinda yenye 97 kwa kiasi hichohicho. Angalia tena namba hiyo ya 97. Ni sauti ya wati moja ukiwa mita moja mbele ya spika. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na muda huo upunguzwe kwa nusu kila zinapoongezeka 3. Ukipiga hesabu, desibeli 97 ni dakika 30. Chumbani, hata wati 5 ni nyingi, na masikio yakishaharibika kwa kelele hayaponi.

Sasa fikiria mtu aliyenunua Fender Twin Reverb ya wati 85 kwa sababu ni kubwa na nzuri, na kweli ni nzuri. Ili vali zake zifike pale zinapoanza kuregea, lazima afungue volyumu kiasi cha kuhamisha majirani. Maisha yake yote ataisikia ikiwa safi tu. Mwenzake mwenye Deluxe Reverb ya wati 22 na spika moja ya inchi 12 anafika kwenye eneo lile tamu akiwa ukumbini na mpiga ngoma, na bado anasikika. Kwa nyumbani zipo za wati 1 hadi 5, na kwa bajeti ya kati Blues Junior ya wati 15 imewafundisha wengi tangu miaka ya 1990.

Je, transista ni dhambi? B.B. King anajibu vizuri. Kwa miaka mingi alipenda Lab Series L5, amplifaya ya transista isiyo na vali hata moja, na Albert King naye alitumia transista jukwaani. Sauti zao zilitoka kwenye vidole, mvuto wa uzi na ukimya kati ya noti, na amplifaya safi yenye nguvu iliwapa nafasi hiyo. Kwa mpigaji wa Afrika Mashariki anayepiga benga au rumba usiku wa Ijumaa na blues Jumamosi, njia hii inafaa sana: amplifaya safi ya transista pamoja na pedali ya kukwaruza kwa upole. Ibanez Tube Screamer, ambayo Stevie Ray Vaughan aliitumia mbele ya amplifaya za Fender, hubana wimbi taratibu kwa diodi na kusukuma mbele sauti za kati. Amplifaya za kidijitali zinazoiga vali nazo zimekuwa nzuri kwa mazoezi ya nyumbani. Ila usichomeke mkwaruzo moja kwa moja kwenye spika za matangazo. Spika ya gitaa huacha kutoa sauti inayozidi hezi 5,000 hivi, na upungufu huo ndio unaochuja makali. Spika za matangazo hazichuji chochote.

Dukani, nenda na gitaa lako. Weka toni zote katikati, usiguse mwangwi, na ufungue volyumu ya gitaa hadi mwisho. Panda taratibu na volyumu ya amplifaya hadi noti iliyochapwa ianze kukwaruza. Hapo acha amplifaya ilivyo, ushushe volyumu ya gitaa hadi 6. Sauti inapaswa kusafika bila kufifia. Kisha piga A7 yako polepole, uzi kwa uzi, halafu uichape yote. Kama noti zote nne bado zinasikika, na kama tofauti ya upole na nguvu imesikika pia, endelea kuulizia bei. Kama upole na nguvu vimetoa sauti ileile, irudishe hata kama ina wati 100.

Kisha geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Amplifaya nyingi zinazoletwa kutoka Marekani zimetengenezewa volti 120, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240. Ukiichomeka hivyohivyo utaichoma. Nunua transfoma ya kushusha volti yenye uwezo unaozidi matumizi yaliyoandikwa kwenye kibandiko, au tafuta toleo lililotoka kiwandani likiwa na volti zetu. Usiiwashe amplifaya ya vali bila spika kuchomekwa, maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na usiifungue mwenyewe: kapasita zake zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na volti hizo zinaua. Mpe fundi anayezijua vali, na kabla ya kulipa muulize kama vali za aina hiyo zinapatikana, kwa sababu viwanda vinavyozitengeneza duniani leo ni vichache, vingi vikiwa Urusi, Slovakia na China.