Lugha katika Vita vya Mseto: Mfano wa Estonia

Mseto, kwa wapishi, ni mchele na pojo vilivyopikwa katika chungu kimoja. Katika taaluma ya usalama, vita vya mseto ni vile ambavyo dola huvielekeza kwa jirani kwa kuchanganya uvumi, udukuzi, fedha za siri na hujuma, pasi na kutangaza vita. Je, nchi ya kidemokrasia, isiyoweza kuwafunga raia wake vinywa, itamzuiaje jirani wa aina hiyo?

Estonia, taifa la watu wapatao milioni 1.3 linalopakana na Urusi, lilikumbana na swali hilo Aprili 2007. Serikali iliihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya mji mkuu, Tallinn, hadi kwenye makaburi ya wanajeshi. Kwa Warusi wengi wa huko, sanamu hiyo ilikuwa kumbukumbu ya ushindi dhidi ya Wanazi; kwa Waestonia wengi, alama ya kutawaliwa kimabavu. Habari za uongo kutoka Urusi zilidai kuwa imevunjwa. Ghasia zikazuka, kisha tovuti za benki, magazeti na wizara zikashambuliwa kwa takriban majuma matatu. Urusi ilikana kuhusika, na ushahidi wa kuitia hatiani haukutosha. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo: tishio la kulipiza kisasi halimtii hofu mwenye nafasi ya kukana.

Ilibidi, basi, adui anyimwe faida. Mwaka 2008 kituo cha NATO cha ulinzi wa mitandao kilianzishwa Tallinn. Hata hivyo, hatua iliyogusa mzizi, na ambayo wanajeshi aghalabu huisahau, ilikuwa ya kiisimujamii. Zaidi ya robo ya wakazi huzungumza Kirusi nyumbani, na wengi wao walikuwa wakipata habari kutoka Moscow. Mnamo 2015 shirika la utangazaji la umma lilianzisha ETV+, runinga ya Kirusi, ili raia hao wasikie habari za nchi yao kwa lugha yao.

Baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, sera iligeuka. Bunge lilipitisha sheria ya kufundishia Kiestonia katika shule, zikiwemo zilizokuwa zikitumia Kirusi. Watetezi wake wanashikilia kuwa lugha moja itabomoa ua uliowatenga raia. Hoja hiyo ina uzito, ila mtoto anayehisi lugha ya mamaye imefukuzwa darasani ni windo jepesi kwa mwenezi wa uvumi. Utekelezaji ulianza Septemba 2024, kwa darasa la kwanza na la nne.